Nimebadilisha balbu tisa kati ya kumi, kumbe moja tu ndiyo iliyokuwa ikimeza nusu ya umeme wa taa

Mwenye Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kila mara naona mtu anauliza kama kweli balbu za LED, hizi za kisasa zisizo na kijiwaya, zinapunguza umeme, na majibu yanayokuja ni "ndiyo mkuu, badilisha zote". Mimi nimebadilisha na nimepima, na naona jibu hilo linaruka jambo kubwa, yaani saa. Balbu haili umeme kwa kuning'inia tu darini. Inakula kwa saa inazowaka.

Nyumba yetu ina taa kumi. Tulipohamia tulikuta zote ni balbu za zamani, zile zenye kijiwaya ndani. Kabla ya kununua chochote nilichukua daftari la shule, nikawa naandika kila taa inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, wiki nzima. Matokeo ya mwezi, kwa uniti (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), yalikuwa hivi. Taa ya nje ni wati 100 na inawaka tangu magharibi hadi alfajiri, jumla ya saa 12 kila usiku: uniti 36. Sebuleni mbili za wati 60, saa tano: uniti 18. Jikoni moja ya wati 60, saa nne: uniti 7.2. Vyumba vitatu vya kulala, wati 40 kila kimoja, saa mbili: vilevile 7.2. Bafu na choo, wati 40 kila kimoja, kama saa moja kwa siku: 2.4. Stoo ina balbu ya wati 60, lakini haifikishi dakika kumi kwa siku: uniti 0.3.

Jumla uniti 71.1. Sasa itazameni ile taa ya nje. Peke yake ni zaidi ya nusu, nayo inawaka wakati sisi sote tumelala.

Nilianza na hiyo. Nikaweka LED ya wati 9. Kisha nikafanya jaribio ambalo naomba kila mtu alifanye nyumbani kwake, maana halihitaji kifaa chochote. Mita nyingi za kisasa zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja. Yangu ni mara 1,000. Nilizima kila kitu, nikachomoa hata friji, nikaacha taa ya nje tu na kusimama mbele ya mita na saa mkononi. Kwa balbu ya zamani, kitaa kilipepesa kila baada ya sekunde 36. Kwa LED nilisubiri dakika sita na sekunde arobaini ndipo kikapepesa mara moja. Nilisimama pale hadi miguu ikachoka, na sijutii. Kusoma kwenye boksi kwamba inabana matumizi ni jambo moja, na kukiona kitaa kikinyamaza ni jambo jingine.

Leo taa zote tisa ni LED: wati 9 nje, sebuleni na jikoni, wati 5 kwingineko. Stoo sijagusa. Jumla ya mwezi imeshuka hadi uniti 8.5.

Ushauri wangu mmoja wa dukani: acheni kununua kwa wati. Wati ni umeme unaoingia, mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa kama lumeni 800, ya wati 40 kama 450, ya wati 100 kama 1,600. Ukitaka mwanga uleule, tafuta lumeni hizohizo. Mimi nje nimeshuka kutoka 1,600 hadi 800 kwa kukusudia, kwa sababu pale nahitaji kuona uso wa anayebisha hodi, sihitaji kusoma gazeti. Ukiona boksi la wati 9 linadai "sawa na wati 100" ilhali lumeni hazikuandikwa, lirudishe rafuni.

Kijana wa Ghorofani

Asante kwa hesabu mkuu, hapo kwenye taa ya nje umenigusa. Ila upande wa kudumu mimi LED zimenichosha. Zinauzwa kwa maneno kwamba zitakaa miaka, mimi sebuleni nimebadilisha tatu ndani ya mwaka mmoja. Balbu ya zamani pale pale ilikuwa inanisogeza.

Fundi Waya

Ndugu yangu, nijibu maswali mawili. Zinaungua sehemu hiyohiyo moja, au popote nyumbani? Na hiyo taa ya sebuleni ina kifuniko?

Kijana wa Ghorofani

Ni hiyohiyo tu. Ina kile kibakuli cha kioo kilichofungwa pande zote, kimebana dari.

Fundi Waya

Basi tatizo tumelipata, na si lako peke yako, nalikuta karibu kila wiki.

Watu husema LED haitoi joto. Inatoa. Tofauti ni mahali joto linapokwenda. Balbu ya zamani ni kijiwaya cha tungsteni kilichopashwa hadi nyuzi kama 2,500 za Selsiasi, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake unageuka joto linalotoka nje pamoja na mwanga. Kioo kinavumilia, kijiwaya kinavumilia, kwa hiyo hata ukiifungia kwenye bakuli haijali. LED joto lake ni dogo, lakini linabaki mgongoni kwake, kwenye kitako, na ndani ya kitako kuna sakiti inayogeuza umeme wa ukutani kuwa ule ambao LED inautaka. Kwenye sakiti hiyo mna kapasita, kijifaa kinachohifadhi umeme kidogo, yenye kimiminika ndani. Kanuni tunayoitumia mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, maisha ya kapasita hiyo hupungua kwa nusu. Sasa wewe umeifungia kwenye kibakuli, kama chumba kisicho na dirisha, kila usiku.

Fanya hivi: tafuta balbu ambayo boksi lake linasema inafaa kwa taa zilizofunikwa, na ichague yenye wati ndogo. La sivyo, badilisha kibakuli uweke kilicho wazi upande mmoja.

Na ukiwa juu ya ngazi, kagua holda. Zima swichi kubwa kwanza, usiamini swichi ya ukutani. Angalia vile vidomo vya shaba vinavyogusa kitako cha balbu. Vikiwa vimelegea au vimeungua vyeusi, umeme unarukaruka na cheche ndogo usizoziona, na hakuna balbu itakayodumu hapo, iwe ya zamani au mpya. Holda iliyopasuka haibembelezwi, inabadilishwa.

Mpenda Vifaa

Naongezea kwa Fundi. Mimi LED ikifa huwa naifungua. Kile kifuniko cheupe cha plastiki hutoka ukikizungusha kwa nguvu kidogo (iwe imeshatoka kwenye holda na kupoa). Ndani kuna kibati cha mviringo chenye vijiraba vya njano vimepangwa. Mara nyingi utakuta kimoja tu kina kidoa cheusi katikati, kama kimechomwa na ncha ya sindano. Vingine vyote ni vizima. Lakini vimeungwa kwa mfululizo, umeme unatoka kimoja kwenda kingine kama maji ndani ya mrija mmoja, kwa hiyo kikikatika kimoja taa nzima imelala.

Na ile njano ndiyo siri ya mwanga mweupe. Kinachowaka chini yake ni bluu. Unga wa njano ulio juu unameza sehemu ya bluu na kuirudisha ikiwa njano, vikichanganyika jicho linaona nyeupe. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962, ila bluu yenye mwanga wa kutosha ilisumbua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wajapani watatu walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura (huyu wa mwisho sasa ni raia wa Marekani), walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nikiwasha taa ya jikoni huwa nawakumbuka.

Mzee Karabai

Wanangu, mmeandika vizuri. Ila msisahau kwamba vitu vya zamani navyo vilidumu. Kuna balbu katika kituo cha zimamoto mji wa Livermore, California, inawaka tangu 1901. Zaidi ya miaka mia moja! Na kampuni kubwa za balbu zilikutana Geneva mwaka 1924, zikaunda umoja ulioitwa Phoebus, zikakubaliana balbu iwe ya saa 1,000 basi. Kiwanda ambacho balbu zake zilizidi muda huo kilitozwa faini. Hii LED nayo nani kasema haitafanyiwa hivyo?

Fundi Waya

Shikamoo mzee wangu. Yote mawili uliyosema ni kweli na nakushukuru kuyaleta. Niongeze upande wa pili wa ile balbu ya Livermore: leo inatoa mwanga wa kama wati 4, ni wekundu hafifu tu. Kijiwaya kikipashwa kidogo hudumu sana lakini mwanga haupo. Ukikipasha sana mwanga unakuja na tungsteni inageuka kuwa mvuke. Ule weusi unaouona ndani ya kioo cha balbu iliyozeeka ndiyo tungsteni yenyewe iliyohama kutoka kwenye kijiwaya. Kwa hiyo hata bila mapatano ya Geneva, kwa balbu za aina ile lazima uchague kati ya maisha marefu na mwanga mwingi.

Kwenye LED wasiwasi wako una msingi. Wapo wanaozisukuma LED chache kwa umeme mwingi ili wapunguze gharama ya kutengeneza, nazo zinaungua mapema. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu watazame uzito wa kitako na dhamana iliyoandikwa. Balbu ya saa 15,000 ikiwaka saa tano kwa siku inatakiwa ikupe miaka minane. Asiyekupa dhamana hata ya miaka miwili hajiamini.

Mzee Karabai

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

Mama Mapacha

Mimi naomba kusaidiwa kwa rangi. Niliweka LED nyumba nzima, nikajuta. Sebule imekuwa kama wodi ya hospitali, nyeupe inayoumiza. Wanangu usiku hawalali upesi kama zamani. Mume wangu anataka turudishe za zamani.

Mwenye Daftari

Dada, usirudishe. Geuza boksi uangalie namba yenye herufi K. Nina hakika zako ni 6500K. Hiyo ni nyeupe ya kuelekea bluu, kama mwanga wa mchana wenye mawingu. Unayoitaka wewe ni 2700K, ina unjano uleule wa balbu za zamani na inakula umeme uleule. Wengi wanadhani unjano ni wa balbu za zamani na weupe ni wa LED, kumbe zote ni LED.

Na kuhusu watoto, hujakosea. Mwanga wenye bluu nyingi usiku huchelewesha mwili kutoa melatonini, ile homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Vyumba vya kulala weka 2700K na lumeni chache. Zile 6500K usizitupe, zihamishie mahali pa kufulia au stoo.

Mpenda Vifaa

Dada, tazama pia namba ya Ra au CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu. Ikiwa chini ya 80, nyama inaonekana ya kijivu na ngozi za watu kama wagonjwa, hata kama K ni sahihi. Jikoni mimi natumia 90.

Mama Mapacha

Nimetoka kuangalia sasa hivi. 6500K, zote. Mungu awabariki. Swali la pili: nina zile enaji seva za zamani, za mrija uliojikunja. Moja imedondoka leo asubuhi na kupasuka chumba cha watoto. Nifagie tu?

Fundi Waya

Usifagie dada! Watoe watoto kwanza, fungua madirisha, mtoke nje kama dakika kumi. Taa hizo zina zebaki, miligramu chache tu, si ya kukutia hofu kubwa, lakini ufagio unaisambaza na mashine ya kunyonya vumbi inairusha hewani. Ukirudi vaa glovu, okota vipande kwa karatasi ngumu, vile vidogo na unga uvitoe kwa utepe wa kunata, mfano selotepu. Mwishoni futa kwa kitambaa kibichi. Vyote viingie kwenye chupa au mfuko unaofungika, pamoja na hicho kitambaa. Kama shuka zimepatwa na vipande, usizifue, nazo ziweke humo. Kisha uulize mamlaka ya taka ya unapoishi inazipokea wapi.

LED hazina zebaki kabisa. Kwangu mimi hiyo ni sababu nzito kuliko hata umeme. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha kutengeneza na kuuziana taa za florisenti, ambazo ndimo zilimo hizo enaji seva, ifikapo 2027.

Mama Mapacha

Tumetoka nje. Nimefungua madirisha yote. Nitafanya hivyohivyo.

Mfugaji Mdogo

Nimefuata ushauri wa "badilisha zote" wa uzi mwingine, yamenikuta. Nilikuwa na balbu ya wati 60 kwenye boksi la vifaranga. Nikaitoa, nikaweka LED ya wati 9, mwanga uleule. Usiku nikasikia wanalia. Nimekwenda na tochi nikawakuta wamerundikana kwenye kona moja, wamepandana, wa chini hawapumui vizuri. Niligusa hewa ndani ya boksi kwa mkono, baridi tupu. Nimepoteza sita. Naandika ili mwingine asipoteze.

Fundi Waya

Pole sana ndugu yangu. Pale balbu ilikuwa jiko, mwanga ulikuwa wa ziada tu. Kifaranga cha wiki ya kwanza kinataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Rudisha ile ya zamani leo, au tafuta balbu maalumu ya joto, na uweke kipimajoto usawa wa migongo yao. Wakijikusanya chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia kuta wanaungua, wakitawanyika wanakula basi umepatia.

Hali ni ileile kwa taa ya ndani ya oveni. LED ya kawaida humo haimalizi hata wiki.

Mfugaji Mdogo

Nimerudisha. Wametulia.

Asiyelala

Mimi LED yangu ya korido nikiizima haizimiki kabisa. Inabaki inang'aa kidogo kama macho ya paka. Je, ni hatari? Inakula umeme?

Fundi Waya

Umeme inaokula hauonekani hata kwenye mita. Sababu ni mbili hasa. Kama swichi yako ina kitaa kidogo cha kukuonyesha ilipo gizani, kitaa hicho kinapitisha umeme kiduchu kuelekea kwenye balbu. Balbu ya zamani isingeusikia, LED inatosheka nao. Hiyo si hatari.

Ila kama swichi haina kitaa, ita fundi. Huenda aliyefunga aliipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto (ule unaoleta umeme). Maana yake ukizima, taa inalala lakini holda bado ina umeme, na siku utakayopanda kubadilisha balbu ukiamini umezima, ndiyo siku ya msiba. Hilo usilisogeze mbele.

Asiyelala

Haina kitaa. Naita fundi kesho.

Kijana wa Ghorofani

Kuna mtu ana swichi ya kuzungusha, ya kupunguza mwanga? Yangu LED inatetemeka.

Mpenda Vifaa

Mbili zote zibadilike: balbu iliyoandikwa kwamba inakubali kupunguzwa mwanga, na swichi iliyotengenezwa kwa LED. Swichi za zamani zilizoea mzigo wa wati nyingi. Ukitaka kuona kama balbu nyingine zinatetemeka bila jicho kujua, zitazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, sakiti yake ni dhaifu. Usiiweke mezani pa mtoto anaposomea.

Mwalimu wa Jioni

Swali kwa mwanzisha uzi. Balbu za zamani ambazo bado nzima, tuzitoe au tungoje ziungue? Nasikia vibaya kutupa kitu kizima.

Mwenye Daftari

Nami nilijiuliza hivyo hivyo, Mwalimu. Jibu langu linarudi kwenye daftari. Ile ya nje ilikuwa inakula zaidi ya uniti moja kila usiku. Kungoja iungue ni kuilipa iendelee. Ile ya stoo ina uniti 0.3 kwa mwezi, LED ingeniokolea robo uniti. Hiyo naiacha hadi ijifie, na zile nilizozitoa vyumbani nimeziweka kuwa akiba yake. Zaidi ya saa mbili kwa siku, toa leo. Chini ya nusu saa, ngoja.

Mwalimu wa Jioni

Nimekuelewa. Na lile jaribio la mita nalifanya usiku huu.

Mwalimu wa Jioni

Nimerudi. Nilizima taa zote, nikachomoa friji, nikawasha taa ya ngazi peke yake, ya wati 60. Kitaa kilitakiwa kipepese kila sekunde 60. Kilikuwa kinapepesa kila sekunde 48. Nikazima na hiyo taa ya ngazi. Nyumba giza tupu, na bado kinapepesa, kila baada ya dakika nne kamili! Nimezunguka chumba hadi chumba. Ni king'amuzi. Televisheni imezimwa lakini king'amuzi kimebaki na kile kitaa chake chekundu, na ukikigusa juu kina uvuguvugu. Nimekichomoa, nikasimama mbele ya mita dakika kumi na tano. Kimya.

Mwenye Daftari

Mwalimu, dakika nne ni wati 15. Saa 24, siku 30: uniti 10.8 kwa mwezi. Taa zangu zote kumi sasa ni 8.5.

Mwalimu wa Jioni

Naandika hili gizani, na kimebaki kimechomolewa.